Wimbo wa AI uko tayari: umpe nani akusambazie?

Mashairi umeandika mwenyewe, umeyabandika kwenye Suno, mtambo wa AI wa kutengeneza nyimbo, umerudia mara kumi na nne mpaka sauti ikaacha kutamka "ng'ombe" kama mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege, na sasa faili liko kwenye simu. Spotify na Apple Music hazipokei faili kutoka mkononi mwako. Lazima awepo msambazaji hapo katikati: kampuni inayochukua wimbo, kava na majina, inauweka kwenye majukwaa, inakusanya mrabaha, inakata chake na kukutumia chako.

Wasambazaji ni wengi na karibu wote wanajinadi kwa bei. Bei ningeiweka mwisho. Kwa wimbo wa akili mnemba, yaani AI, uliza kwanza kama huyo msambazaji anaupokea kabisa, maana wapo wasioupokea. Kisha uliza hela itakufikaje hapo ulipo, na siku ukiacha kulipa ada wimbo utabaki hewani au utashushwa. Hilo la mwisho watu hulikumbuka kadi ikikataa kukata.

Kabla hata ya msambazaji, angalia ulikotengenezea. Nyimbo za mpango wa bure wa Suno si za biashara, na kulipia baadaye hakuzisafishi zile za nyuma. Mpango wa kulipia wa kawaida ni dola 10 kwa mwezi. Wimbo uzaliwe ndani ya mwezi uliolipiwa, na risiti uitunze, kwa sababu msambazaji akihoji haki zako hiyo ndiyo ya kumtumia. Udio, washindani wa Suno, waliingia makubaliano na kampuni ya muziki ya Universal mwezi Oktoba 2025 wakafunga upakuaji, kwa hiyo wimbo wa kule haukusaidii hapa. Na kama umeiambia mashine iimbe kwa sauti ya Diamond Platnumz au Zuchu, ishia hapo hapo. Tangu Septemba 2025 Spotify wamesema wazi kwamba sauti ya kuigiza ya msanii inaruhusiwa kwa idhini yake mwenyewe tu.

Namba moja: DistroKid

Ndiye ninayemtumia sasa, na ndiye ninayempendekeza kwa mtu anayetoa nyimbo mara kwa mara. Unalipa kama dola 25 kwa mwaka, unapakia nyimbo kadiri utakavyo, na mrabaha hawakati. Wimbo wa AI wanaupokea ilimradi haki ni zako na hujaigiza mtu. Spotify walipotangaza utaratibu wa kuonyesha kwenye wimbo wapi AI imetumika, kama ni sauti, ala au utengenezaji, DistroKid walikuwa miongoni mwa walioahidi kuufuata. Ukiulizwa jibu kweli. Kuficha hakukusaidii: Deezer, jukwaa la muziki la Ufaransa, wana mtambo wa kugundua, tangu Juni 2025 wanaziwekea alama nyimbo za AI, na hawaziingizi kwenye mapendekezo.

Kasoro zake ziko mbili na zote zinauma. Mpango wa chini haukuruhusu kuchagua tarehe ya kutoka. Wimbo unatoka ukishakubaliwa, na wewe ulitaka uutoe Ijumaa, au uupeleke kwa wahariri wa plelisti wa Spotify, ambao wanataka kuuona angalau siku saba kabla. Kuchagua tarehe kunahitaji mpango wa juu yake. Kasoro ya pili ni mlango wa kutokea. Ukiacha kulipa ada ya mwaka, nyimbo zinashushwa, isipokuwa kila moja umeilipia ada ya kubaki milele: dola 29 kwa wimbo mmoja, 49 kwa albamu. Mwenye nyimbo thelathini apige hesabu mwenyewe.

Halafu ile fomu. Ukifika chini utakuta visanduku vya nyongeza vya kulipia, kimoja baada ya kingine kama abiria wa daladala ya jioni. Ruka vyote. Hasa ruka kile cha Content ID, mfumo wa YouTube unaosaka video zilizotumia wimbo wako. Kile kinadai sauti ni yako peke yako duniani, na kwa wimbo uliotolewa na mashine dai hilo ni gumu kulisimamia. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilisema Januari 2025 kwamba maelekezo tu uliyoiandikia mashine hayakufanyi uwe mtunzi wa kilichotoka. Sheria ya Kenya ya 2001 ina maneno tofauti: kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule aliyefanya maandalizi ya kazi hiyo kuwepo. Ni jambo zuri kulijua, ila YouTube haifuati sheria ya Nairobi. Mashairi uliyoandika mwenyewe ni yako kokote, ndiyo maana kwenye nafasi ya mwandishi naweka jina langu la kwenye kitambulisho bila wasiwasi.

Namba mbili, kwa mwenye wimbo mmoja: RouteNote

Hawa ni Waingereza, wa kule Cornwall. Wana mpango wa bure: hulipi kitu, wao wanakata asilimia 15 ya mapato. Wimbo ukishika kasi unaweza kuhamia mpango wa kulipia na kubaki na yote. Kwa shangazi anayetaka wimbo wa harusi ya binti yake uonekane Spotify, sioni sababu ya kumlipisha ada ya kila mwaka mahali pengine. Hakuna kadi ya kukatwa, kwa hiyo hakuna siku ya wimbo kushuka kwa sababu ya deni.

Ukaguzi wao ni wa polepole, na malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 50. Spotify haina bei moja kwa kila strimu, yaani kila mara wimbo unaposikilizwa, ila wastani unaotajwa sana ni kati ya dola 0.003 na 0.005, na strimu za kwetu hulipa chini kwa kuwa vifurushi vya kwetu ni rahisi. Kwa dola 0.003, ukitoa asilimia 15, hizo dola 50 ni karibu strimu 20,000. Shangazi hatazifikisha, na hajali. Wewe unayetaka hela ujali. Na kabla ya kupakia waandikie barua pepe ueleze wimbo umetengenezwaje, kipi cha mashine na kipi chako, kisha jibu lao ulihifadhi.

Namba tatu: TuneCore na CD Baby, ukiimba mwenyewe

Hawa wawili hawapokei wimbo uliotengenezwa na AI asilimia mia. TuneCore iko chini ya Believe ya Ufaransa tangu 2015, na Believe wana chombo chao cha kugundua nyimbo hizo, kwa hiyo usijaribu bahati. Lakini kama sauti ni yako, umeandika na kuimba, na mashine imekusaidia biti tu, hesabu inabadilika. TuneCore hulipa kupitia Payoneer, huduma ya kupokea hela kutoka nje, na kwa mtu wa Dar es Salaam hilo ni jambo kubwa kuliko tofauti ya dola mbili za ada. CD Baby wana mlango mzuri wa kutokea kuliko wote niliowataja: unalipa mara moja, karibu dola 10 kwa wimbo mmoja, wanakata asilimia 9 ya mapato, na hakuna ada ya mwaka. Ukiugua miaka miwili, wimbo bado upo.

Bandcamp, soko la muziki la mtandaoni, usihangaike nao. Januari 2026 waliifunga milango kwa muziki wa AI. Ukitaka tu wimbo usikike mtaani, fungua chaneli yako ya YouTube upakie mwenyewe, bila msambazaji, ukikumbuka kwamba tangu Julai 2025 YouTube hawalipi matangazo kwa vitu vilivyomwagwa kwa wingi bila kazi ya mtu ndani yake.

Hela inavyofika

Kulipia si tabu tena. Kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha, Tanzania na hata Kenya. Kupokea ndiko kwenye kesi. Mkenya anaweza kupokea kwa PayPal na kuivuta M-Pesa. Mtanzania, kwa miaka mingi PayPal yake imekuwa ya kulipia zaidi kuliko ya kupokelea, kwa hiyo kabla hujalipa ada ya mtu yeyote fungua ukurasa wake wa malipo uone kama benki ya nchi yako imo, ada ya kutuma ni kiasi gani, na kiwango cha chini cha kutoa ni kipi. Dola 30 zikitumwa kwa benki moja kwa moja zinaweza kufika zimebaki mifupa. Mimi huziacha zilundikane.

Utajaza pia fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Jina liwe lile lile la pasipoti au kitambulisho, si jina la usanii. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo sehemu ya mapato inayotoka kwa wasikilizaji wa Marekani hukatwa asilimia 30. Ya wasikilizaji wa Mwanza haiguswi na makato hayo.

Na kumbuka kwamba tangu 2024 wimbo usiofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili Spotify hawaulipii kitu.

Hapo ndipo anapokujia yule wa WhatsApp: "Plei elfu kumi kwa shilingi elfu ishirini tu, kaka." Mkatae. Spotify humtoza faini msambazaji kwa kila wimbo wenye strimu nyingi za uongo, na msambazaji anaigeuzia kwako au anafunga akaunti. Nyimbo za AI zinaangaliwa kwa jicho kali zaidi. Deezer walisema mwaka 2025 kwamba kwenye nyimbo zilizotengenezwa na AI moja kwa moja, hadi asilimia 70 ya strimu zilikuwa za ulaghai. Huko Marekani mtu mmoja wa North Carolina alifunguliwa mashtaka Septemba 2024, akidaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 10 kwa nyimbo za AI zilizosikilizwa na roboti.

Mimi sikununua plei, lakini niliungua vilevile. Usiku mmoja nilipakia nyimbo kumi na moja za kubembeleza watoto kwa msambazaji mmoja nisiyemtaja, kava ikiwa mwezi ule ule na mtoto yule yule, nikibadilisha rangi tu. Asubuhi akaunti imefungwa, na dola 41 za nyimbo za zamani zimo ndani. Niliandika barua pepe sita. Nilijibiwa moja, mistari miwili, kwamba uamuzi ni wa mwisho. Tangu hapo natoa wimbo mmoja kila baada ya wiki mbili, na kava naichora upya.

Kilichoniokoa kwenye kuhama ni ISRC, ile namba ambayo kila wimbo hupewa na msambazaji unapotoka. Nilikuwa nimezinakili. Ukimpa msambazaji mpya faili lile lile, jina lile lile na ISRC ile ile, idadi ya strimu haianzi sifuri. Kama akaunti ya zamani bado iko wazi, subiri wimbo uonekane kwa mpya ndipo uushushe kwa wa zamani. Namba hizo usizihifadhi ndani ya akaunti ya msambazaji, maana siku ikifungwa huzioni. Zangu ziko nyuma ya daftari la madeni ya duka.