Losheni ya jua ya SPF 50, chupa ya mililita 50: inamfaa nani huku pwani?

Losheni yenyewe nzuri, chupa ndiyo ndogo. Tunasema hizi za mililita 50 zinazouzwa maduka ya dawa mjini. Uso, masikio na shingo vinataka kijiko kimoja cha chai, na kila mkono kijiko chake. Mpako mmoja ni mililita 15. Hurudiwa kila baada ya saa mbili, mapema zaidi ukiloa jasho au maji. Mkulima wa mwani wa Paje, Unguja, ambako maji ya bamvua hupwa kabla ya adhuhuri jua likipanda, akipaka mara mbili kwa siku chupa haivuki siku ya pili. Ndiyo maana watu huipunja, na akipunja haipati ile 50 aliyolipia.

SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua, hupima zaidi miale ya UVB, ile inayobabua ngozi: 30 huzuia takriban asilimia 97, 50 asilimia 98. Usikubali kulipa maradufu kwa hiyo asilimia moja. Kinachofaa kutafutwa ni herufi UVA (miale inayopenya ngozi kwa ndani zaidi) ndani ya duara, na tarehe ya mwisho. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, chini kusiwe na mafuta ya nazi. Zenye zinki huacha weupe usoni, ila haziwashi sana macho. Mtoto mwenye ualbino tungemchukulia hizo.

Yeye ndiye wa kwanza kuihitaji. Ngozi yenye melanini haba, ile rangi inayoikinga, ikipigwa na jua miaka mingi hupata saratani ya seli skwamasi, seli za tabaka la juu la ngozi, masikioni, mdomoni, shingoni. Kwa mwenye ngozi nyeusi, saratani hiyohiyo mara nyingi huota mguuni, juu ya kovu la moto au kidonda sugu cha miaka, na hapo losheni haina kazi: kidonda kisichofunga kwa mwezi kipelekwe hospitali. Kinga ya mwili ikishuka, kwa VVU au kwa dawa, hatari huzidi. Na mkorogo, jamani, huivua ngozi ngao yake.

Pesa ikitosha kitu kimoja, nunua kofia ya ukili yenye ukingo wa sentimita 8 au zaidi. Iinue juani kwanza. Ukiona vitobo vya mwanga, mrudishie muuzaji. Losheni ibaki ya kidevu na mdomo wa chini, maana mchanga mweupe hurudisha miale kutoka chini.