Boksi la mbao, ndoo za rangi na viroba: kipi kimenilisha mboga kwenye ua wa zege

Naishi Tabata, nyumba ya kupanga, na ua wote umemwagwa zege mpaka ukutani. Mboga zangu zote ziko juu ya zege hilo: boksi moja kubwa la mbao, ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa ubavu, na viroba ambavyo nazidi kuvipunguza. Naulizwa sana kipi kinafaa, kwa hiyo naandika yote hapa. Kama una pesa ya kutosha kitu kimoja, tengeneza boksi. Kama huna, tafuta ndoo. Kiroba kije mwisho, ingawa ndicho kinachosifiwa kuliko vyote.

Boksi nilimpa fundi seremala vipimo: urefu mita 1.2, upana sentimita 60, kina sentimita 30. Upana ni mdogo kwa sababu limekaa kando ya ukuta na nalifikia upande mmoja tu; likiwa wazi pande zote mbili unaweza kwenda mpaka mita 1.2 na mkono bado ukafika katikati. Fundi alitaka kunipa mbao za dawa, zile za kijani za kenchi. "Dada, hizi mchwa hawazigusi kabisa." Ni kweli hawazigusi, lakini dawa iliyozoeleka kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitia kwenye mbao za matumizi ya nyumbani mwisho wa 2003. Juu ya paa sina neno nazo, ila ninachokipanda mimi nakitia sufuriani. Tukatumia paini tupu, isiyo na dawa, ubavuni kwa ndani tukatandika nailoni ngumu, na chini tukaacha nafasi kati ya mbao ili maji yatoke. Boksi limepandishwa juu ya matofali. Hewa inapita, na mchwa wakianza kujenga ile njia yao ya udongo kwenye tofali unaiona mapema na kuifagia.

Wenye kutumia mapaleti ya mizigo, angalieni muhuri uliochomwa kwenye mbao. HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB ilipigwa gesi ya methili bromaidi, hiyo iache. Isiyo na muhuri wowote mimi naiacha pia, maana huijui ilibeba nini.

Sasa udongo, na hapa ndipo pesa inapokwenda bila watu kutarajia. Boksi langu ni lita 216, yaani karibu ndoo 11 za lita 20, na baada ya kumwagilia wiki chache udongo unashuka, inabidi uongeze. Wauza udongo wengi wa mjini wanakuletea kifusi au mchanga mtupu, na mchanga unameza maji na kuyaachia hapo hapo. Ninachochanganya ni udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, na maganda ya mpunga sehemu moja, ambayo mashineni ni rahisi kuyapata. Nikipata pesa naongeza vumbi la makumbi ya nazi, lile linalouzwa kama tofali lililoshindiliwa. Tofali la kilo 5 likilowa linaumuka na kutoa zaidi ya lita 60. Lioshe kwanza kwa maji mengi, maana makumbi hubeba chumvi.

Samadi ipime kwa mkono kabla hujalipa. Chimba katikati ya kiroba, si juu juu pale muuzaji anapokuonyesha. Ikiwa bado ina joto na harufu ya banda, haijaiva, na mizizi itaungua. Iliyoiva ni ya baridi, nyeusi, inavunjika vidoleni, na huoni tena nyasi wala maranda yaliyokuwamo. Ya kuku ndiyo kali zaidi, hiyo naiacha ikae muda mrefu kuliko ya ng'ombe.

Kwenye boksi napanda majani tu: mchicha, chainizi, figiri na giligilani pembeni. Mchicha unaanza kuliwa kwenye wiki ya tatu hivi. Nasia mistari kwa zamu, huu leo, ule wiki ijayo, ili usiwe na mlima wa mchicha siku moja na halafu genge tena. Naukata juu ya vifundo vya chini badala ya kuung'oa, unachipua tena, ingawa awamu ya pili majani huwa madogo na unakimbilia kutoa maua. Matembele niliyatoa boksini, hayana adabu, yanatambaa juu ya kila mwenzake. Sasa yako kwenye dumu la peke yake na yanashuka ukutani vizuri tu, mama mwenye nyumba ndiye anayalalamikia kwamba yanalowesha rangi.

Ndoo nazipenda kwa nyanya, hoho, bilinganya na pilipili. Mche mmoja kwa ndoo ya lita 20, usidanganywe na nafasi unayoiona mche ukiwa mdogo. Za rangi zilizotumika nilinunua kati ya elfu tatu na elfu tano, na nilichagua zilizokuwa na rangi ya maji, si ya mafuta, nikazisugua mpaka zikawa safi. Toboa kwa msumari wa moto, matundu matano au sita chini na mawili ubavuni karibu na kitako. Watu wanasisitiza kuweka kokoto chini ili maji yatoke. Siweki. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama palepale juu yake, kwa hiyo unachofanya ni kupandisha tope karibu na mizizi na kupoteza nafasi. Weka kipande cha neti juu ya matundu, basi. Ndoo nyeusi ziepuke au zipake chokaa. Jua la Januari la Dar linapasha udongo mpaka mche unalegea mchana hata kama umemwagilia asubuhi.

Uzuri mwingine wa ndoo ni kwamba inahamishika. Nyanya ikishambuliwa na inzi weupe naitenga kona nyingine, wenzake wanapona. Ukihama nyumba unapakia. Boksi halihami bila kulimwaga lote.

Viroba najua vina sifa yake. Kibera, baada ya machafuko ya mwanzoni mwa 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia kwa familia nyingi, na kwa mtu asiye na nafasi kabisa ni ubunifu mkubwa: unapanda juu na pembeni kote. Nilivitengeneza kama inavyotakiwa, na nguzo ya kokoto katikati. Unaweka kopo lisilo na kitako katikati ya kiroba, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, unalivuta juu, unajaza tena, mpaka mwisho. Hapa kokoto zina kazi kweli, zinashusha maji mpaka chini. Sukuma wiki za pembeni zilistawi. Tatizo ni jua. Kiroba cha plastiki kinachakaa kikikaa juani, kinaanza kutoa nyuzi, halafu siku moja unakigusa ubavu na udongo unamwagika. Pia miche ya upande usiopata jua inabaki dhaifu, na kiroba kilichojaa na kulowa hukizungushi, labda uwaite vijana wa mtaani. Kwangu kinakunywa maji asubuhi na jioni, wakati boksi linatosheka na asubuhi tu. Wiki ya mgao wa maji tofauti hiyo unaiona.

Mnara wa plastiki wa kununua mtandaoni, ule wa vikombe vilivyopandana, niliuchukua kwa muuzaji ambaye simtaji. Vikombe ni vidogo, plastiki nyembamba, viwili vilipasuka mapema. Unafaa giligilani na maua. Kwa mboga ya kulisha nyumba, hapana.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye chombo chochote. Visahani vya kukingia maji chini ya ndoo viondoe au vimwage kila siku. Dar imepata mlipuko wa dengue 2014 na 2019, na mbu wake anazaliana kwenye maji kidogo kama hayo. Pili, kuku wa jirani. Bila neti juu ya boksi, mbegu zote ni zao. Mimi natumia chandarua cha zamani kwenye fremu ya waya.

Genge bado naenda, kwa vitunguu, viazi na nyanya nyingi za mchuzi. Mboga ya majani ndiyo niliyoacha kununua, isipokuwa masika mvua inapozidi na mchicha kuoza. Boksi la pili nimeshaliagiza, safari hii kina sentimita 20, maana majani hayahitaji zaidi ya hapo, na udongo nitakaookoa unajaza ndoo za bamia.