Uzoefu wangu: laptopu, TV ya inchi 43 na leso iliyopotea ukingo

Kazi yangu ni kuchora leso. Si hizi za dukani ambazo kila mtu anazo. Mimi huchora za sare, za harusi na za shughuli za kifamilia. Watu wakishakubaliana rangi na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, mchoro unakwenda kuchapishwa. Nafanyia kazi nyumbani, Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni, na wateja wangu wengi ni kina mama watu wazima. Huja wanne watano kwa pamoja, wakakaa mkekani, kahawa ikamiminwa, na kila mmoja anataka kuona mchoro. Kioo cha laptopu yangu ni inchi 14. Nyanya wa bi harusi, ambaye neno lake ndilo la mwisho, mara nyingi ndiye ambaye macho yake yamechoka kuliko wote. Na herufi moja ya jina ikikosewa, inakosewa katika kila doti itakayochapishwa.

Ndipo nikanunua TV ya inchi 43, ile iitwayo Full HD, yenye nukta za picha (pikseli) 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuiunganisha na laptopu karibu kila siku. Wiki tatu za mwanzo nilitaka kuirudisha dukani kwa sababu picha ilikuwa na ukungu. Nashukuru sikuirudisha, maana TV haikuwa na kasoro yoyote. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliye katika wiki zile tatu.

Nilianza na waya wa VGA, ule wenye pini 15 na skrubu mbili pembeni, kwa sababu nilikuwa nao tangu enzi za kompyuta yangu ya mezani na TV ilikuwa na tundu lake. Kila herufi ilitoka na kivuli chake upande wa kulia, kana kwamba imeandikwa mara mbili na mkono ukateleza. Nilipochomoa waya na kuutazama karibu na dirisha, pini kadhaa zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Tunakaa karibu na bahari, chumvi iko hewani, na waya uliolala droo bila kufunikwa haukai salama. Lakini hata waya mzima usingenifikisha nilikotaka. VGA ni ya mwaka 1987, wakati wa vioo vile vizito vyenye mgongo. Haipeleki namba za kila nukta, inapeleka umeme unaopanda na kushuka, kisha TV ya kisasa ikisie kila nukta inaanzia wapi na kuishia wapi. Ikikisia vibaya kidogo tu, ukali wa picha umekwenda.

Nikaenda Mwembe Tayari kutafuta kebo ya HDMI, ile ya kisasa inayobeba picha na sauti pamoja. Muuzaji akaniwekea mbili kaunta: moja ya shilingi 400, nyingine ya shilingi 2,500, ncha zake zinang'aa. "Dada, hii ina dhahabu," akaniambia, "picha itakuwa safi mara mbili." Nikachukua ya dhahabu. Wiki ya pili mpwa wangu alikuja na kebo yake ya bei rahisi, tukazibadilisha mara tatu nne huku mmoja wetu amefumba macho, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ipi. HDMI hupeleka picha kwa namba. Namba zikifika, zimefika, na picha ni ileile. Kebo ikiwa mbovu utaona nukta zinametameta, au picha inakatika na kurudi, au giza tupu. Haitakuletea herufi zenye ukungu. Kwa hiyo ukungu ukiwepo, usiende kununua kebo nyingine, tatizo liko kwingine. Bei ya kebo inaweza kuwa na maana kwenye urefu: niliwahi kujaribu ya mita 10 ili nipitishe ukutani, ikawa inazima na kuwaka. Ya mita 3 haijanisumbua hata siku moja.

Basi nikachomeka HDMI, nikakaa kitako, na picha bado haikuwa safi. Ilikuwa nafuu kuliko ile ya VGA, ila ukitazama mistari myembamba ya mchoro unaona kama imepakwa mafuta. Jibu lilikuwa ndani ya laptopu. Kioo cha laptopu yangu kina nukta 1366 kwa 768, na nilikuwa nimeweka kitu kilekile kionekane kwenye vioo vyote viwili. Kompyuta ikishaambiwa hivyo huweza kutafuta kipimo ambacho vioo vyote vinakiweza, ikashuka hadi kile cha mdogo. TV ikawa inaletewa nukta zaidi kidogo ya milioni moja, nayo ina nafasi milioni mbili na ushei. Kila nukta moja inatakiwa ijaze nafasi moja na karibu nusu kwa upana, na vivyo hivyo kwa kimo, na nusu ya nafasi haipo, basi TV inachanganya rangi za majirani ili ijaze pengo. Huko ndiko ukungu ulikotoka.

Kwenye Windows nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua TV peke yake badala ya vioo viwili kwa pamoja, kisha nikaingia kwenye setingi za kioo na kuhakikisha imeandikwa 1920 kwa 1080. Maandishi ya kompyuta yalikuwa madogo mno kuyasoma kutoka mkekani, nikayaongeza ukubwa hadi asilimia 150 hapohapo kwenye setingi. Watu wengi wakiona maandishi madogo hushusha idadi ya nukta ili yakue. Usifanye hivyo. Kuza maandishi, idadi ya nukta iache palepale.

Siku ile nikaona nimemaliza. Nikamwalika nyanya mmoja na binti zake waje kutazama leso ya harusi ya mjukuu wao. Nikaufungua mchoro ukajaa TV nzima kwa kimo: mji katikati, jina chini ya mji, pindo kuzunguka. Nyanya akatazama kwa muda mrefu, kikombe mkononi.

"Mwanangu, leso hii mbona haijafungwa?"

"Haijafungwa vipi, nyanya?"

"Pindo lake halina ukingo. Liko wazi juu na chini."

Nikasimama nikaenda hadi kwenye TV. Ni kweli. Mimi huchora utepe mweusi mwembamba, kiasi cha sentimita mbili, unaozunguka pindo lote kwa nje. Pembeni ulikuwepo. Juu na chini haukuwepo kabisa. Kwenye faili upo, kwenye laptopu upo, kwenye TV hakuna. Nilikuwa nimeitumia TV ile kwa siku kadhaa na sikuona. Mtu aliyevaa leso miaka sabini aliona kabla kahawa haijapoa.

Usiku nikachora mistari yenye namba, mmoja kwa kila nukta, kutoka ukingo wa juu kwenda chini, nikaitazama kwenye TV. Mstari wa kwanza kuonekana ulikuwa wa 28. TV ilikuwa inakata nukta 27 juu na 27 chini, na pembeni pia inakata, kisha kinachobaki inakivuta kijaze kioo. Hii ni tabia ya kurithi. TV za zamani za kioo cha mgongo zilikuwa na kingo zisizotulia, ikawa picha inakuzwa kidogo ili ule ukingo mbaya ufichike nyuma ya fremu. TV za leo hazina ugonjwa ule, lakini nyingi bado hutoka kiwandani zikinywa dawa yake. Kwa mpira au habari hutagundua. Kwa kompyuta unapoteza mara mbili: kingo zinaliwa, na kwa sababu picha nzima imevutwa, hakuna nukta hata moja inayoangukia mahali pake. Ile kazi yote ya kuweka 1920 kwa 1080 inakuwa bure.

Dawa iko kwenye rimoti ya TV, si kwenye kompyuta. Tafuta sehemu ya ukubwa wa picha. Kwenye TV za LG chaguo linaitwa "Just Scan". Kwenye Samsung nyingi ni "Screen Fit" au "Fit to screen". Kwingine utakuta "1:1" au "Full Pixel". Nilipobonyeza langu, picha ilijikunja kidogo kwa ndani, mstari wa 1 ukatokea juu kabisa, na papo hapo herufi zote zikakaza. Mpwa wangu aliyekuwa mlangoni akauliza kama nimebadilisha TV. Kama una muda wa jambo moja tu katika haya yote, lifanye hili.

Lilibaki moja, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulifahamu. Familia ileile ilitaka leso ya pili kwa rangi za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na jina WEMA HAUOZI kwa herufi nyekundu juu ya weusi. Niliweka michoro minne kwa pamoja kwenye TV ili wachague. Michoro yenye herufi nyeupe ilisomeka vizuri. Ule wa herufi nyekundu, binti mmoja akausoma kwa sauti: "Wema hauoni." Akashangaa mwenyewe. Nikasogea. Ile Z ilikuwa imevimba, wekundu umemwagikia weusi pande zote, na kweli ungeweza kuisoma N. Hawa ni watu waliokulia kwenye leso za Mtaa wa Biashara, ambako Mali ya Abdulla ni nembo ya biashara iliyoanza tangu 1887. Jina la leso kwao ni maneno ya mtu kwa mtu. Huwezi kuwaonyesha jina lililobabuka ukawaambia kitambaani litakuwa zuri.

Sababu ni hii: jicho la mwanadamu hutambua mwanga na kivuli kwa ukali kuliko linavyotambua rangi. TV hutumia udhaifu huo kupunguza kazi. Mwanga inautunza kwa kila nukta, lakini rangi inazigawia nukta mbili au nne zishirikiane moja. Filamu haidhuriki. Lakini nyekundu juu ya nyeusi haina tofauti kubwa ya mwanga, ukali wake wote uko kwenye rangi, na rangi ndiyo iliyopunguzwa. Ili TV iache kufanya hivyo, iambie kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Kwangu nilikwenda kwenye orodha ya matundu ya HDMI, nikabadilisha jina la tundu ninalotumia likawa PC. Sikutarajia kwamba kubadilisha jina tu kungebadilisha picha, lakini TV nyingi ndivyo zilivyotengenezwa. Herufi nyekundu zikajitenga na weusi. Z ikawa Z.

Baada ya hapo nikashusha ule ukali wa picha unaowekwa kwenye menyu ya TV, ambao wengi tunaupandisha tukidhani unasaidia. Huongeza mstari mweupe kuzunguka kila herufi. Kwangu sifuri ndiyo safi. Kuna TV ambazo kipimo chake cha kati ndicho sawa, kwa hiyo shusha polepole huku unatazama herufi ndogo. Na kama weusi wako unaonekana kama majivu, au vivuli vyote vimezama gizani, tazama kiwango cha weusi kwenye TV na kwenye kompyuta. Viwili hivyo lazima vikubaliane.

Sauti ni jambo dogo. HDMI huibeba pamoja na picha. Ukisikia kimya, bonyeza alama ya spika kwenye kompyuta uchague TV. Laptopu isiyo na tundu la HDMI itahitaji kiunganishi cha USB-C, ila ulizia kwanza, maana si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mimi pia huweka TV na chaja kwenye gadi ya stima, kile kifaa cha kukinga umeme unaporuka, na kila jioni nafunika ncha za kebo kwa kitambaa kikavu, kwa ajili ya ile chumvi.

Nimeridhika? Sana. TV, kebo na laptopu ileile ya zamani, na wateja wangu sasa wanasoma jina wakiwa wamekaa mkekani. Nisilolitegemea ni rangi yenyewe. Hata baada ya kutoa ile hali ya picha kali inayotumika madukani, nyekundu ya TV ni mwanga na nyekundu ya leso ni wino kwenye pamba. Kwa hiyo bado natoa kikapu changu cha vipande vya kitambaa. Yule nyanya, baada ya kulikubali jina kwenye TV, alipokea kipande chekundu, akakipeleka dirishani, akakisugua kwa vidole viwili, kisha akanirudishia na kusema, "Hiki. Kidogo kiive zaidi."

Nikakiandikia namba pembeni kwa penseli.