The Princess Bride: filamu ya 1987 niliyomwekea mgonjwa wangu wa miaka 10

Mtoto wa kaka yangu aliletwa kwangu hapa Mamboleo, Kisumu, akitoka Ahero na malaria iliyomlegeza mwili wote. Siku ya tatu ya dawa homa ilikuwa imeshuka, ila nguvu za kwenda nje hakuwa nazo. Alitaka simu tu, acheze mpira wa kwenye simu. Nikamwambia nina filamu. Akauliza kama ina mapigano. Nikamhesabia: upanga, jitu, maharamia, panya wakubwa kuliko mbwa, na mtu anayemsaka muuaji wa babake. Akauliza tena, "Na mambo ya kubusiana?" Hapo sikumjibu, nikaweka diski kwenye deki.

The Princess Bride, iliyoongozwa na Rob Reiner, inaanza na mvulana mgonjwa kitandani akicheza besiboli kwenye kompyuta. Babu yake anaingia na kitabu. Mvulana hataki kitabu, na swali lake la kwanza ni kama ndani yake kuna michezo. Kijana wetu aliitazama runinga, akanigeukia, akaitazama tena. Tangu hapo simu ilikaa kando.

Mimi niliiona miaka ya tisini nikiwa darasa la sita, kwa kanda ya kukodisha, kwenye runinga ya jirani. Tulikuwa watoto zaidi ya kumi sakafuni. Kanda ilikuwa imechakaa, mistari myeupe ikipita juu ya nyuso za watu, na Kiingereza chao kilitupita pia. Kijana mkubwa wa nyumba ile ndiye aliyetufasiria, Kiswahili na Dholuo pamoja, akitia na chumvi yake. Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video akimsikiliza DJ Afro akifasiri filamu anaijua raha hiyo. Kwangu mimi filamu hii imekuwa na wasimulizi wawili tangu siku ya kwanza.

Nimeitazama mara nyingi tangu wakati huo, na naamini hapo ndipo ilipo siri ya kutochuja kwake: kuna mtoto anayesimuliwa, na hadithi haimsahau. William Goldman, aliyeandika kitabu chake mwaka 1973 kisha akaandika na mswada wa filamu, alisema wazo lilitokana na binti zake wawili, mmoja akitaka hadithi ya binti mfalme na mwingine ya bibi harusi. Miaka zaidi ya kumi ikapita kabla ya kitabu kuwa filamu. Lakini yule mtoto aliyeomba hadithi bado yumo. Binti mfalme yuko majini usiku, mikunga, samaki warefu kama nyoka, wanamjia wakipiga kelele, na babu anasimama katikati ya sentensi kumwambia mjukuu kwamba haliwi sasa hivi. Ameona uso wake.

Mama yangu, ambaye kijana anamwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo, alikuwa ameketi nasi akichambua mboga. Kiingereza cha filamu nilikuwa namfasiria. Hapo mikono yake ikatulia. Akasema hivyo ndivyo alivyofanya bibi kizee wao kule siwindhe, nyumba ambamo wasichana walilala na kusimuliwa sigana: alitazama nyuso za watoto kwanza ndipo amruhusu fisi aume.

Pambano la upanga juu ya genge la miamba nalitazama kila mara kana kwamba sijui nani atashinda. Cary Elwes na Mandy Patinkin walifundishwa na Peter Diamond na Bob Anderson hadi wakaweza kupigana kwa mikono yote miwili, na ukiondoa kupinduka hewani, ni wao wenyewe unaowaona. Wanaanza kwa mkono wa kushoto, kila mmoja akimficha mwenzake kwamba wa kulia ndio wake. Lakini kinachonigusa zaidi kinatokea kabla ya upanga kuchomolewa. Inigo, anayeigizwa na Patinkin, anamsaidia adui yake kumaliza kupanda genge (lenyewe ni Moher, Ireland, zaidi ya mita 200 juu ya bahari), anamwacha apumzike, na wakati wa kungoja anamweleza jinsi babake, mfua panga, alivyouawa yeye akiwa na miaka 11. Miaka 20 anamtafuta muuaji mwenye vidole sita. Mama akasema, "Hawa wamelelewa."

Jitu Fezzik ni André the Giant, mwanamieleka wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1993. Marehemu babangu alimpenda sana. Wakati wa kurekodi mgongo ulimuuma hivi kwamba hakuweza kumbeba binti mfalme, ikabidi mwigizaji huyo ashikiliwe kwa nyaya. Tangu nilijue hilo, tabasamu lake linanitia simanzi.

Dosari zipo. Buttercup, yule binti mfalme, anayeigizwa na Robin Wright, anangoja kuokolewa mno. Ningefurahi kumwona na upanga walau mara moja. Panya wa msituni ni mtu ndani ya manyoya, kijana alimtambua papo hapo. Kuna mashine ya kutesea ambayo mtoto wa chini ya miaka 7 asiitazame peke yake, na kuna tusi moja karibu na mwisho. Mizaha ya kuchezea maneno ya Kiingereza haikunifasirika kabisa, Mama akaikosa.

Kwenye sinema za Marekani iliingiza takriban dola milioni 30 tu. Kanda za nyumbani ndizo zilizoibeba, zile za kuazimana na kuchakaa, na mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Tulifika pale shujaa amelala bila uhai na mjukuu anadai kujua nani atamuua mwanamfalme mwovu. Stima ikapotea. Kijana alikaribia kulia. Mama akavuta kiti gizani, akaanza kumsimulia Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mkuki haukupenya mwili wake, na jinsi mkewe alivyomchanja kivulini alipougua akaona damu ikitoka. Kijana alimkatiza kila hatua. Kwa nini alimwonyesha? Kwani hakuwa na rafiki wa kumwonya?

Karibu saa nzima ilipita, taa zikawaka. Nikainuka kuwasha deki.

"Shangazi, ngoja kwanza," akasema bila kugeuka. "Dani, hapo wanakichoma kivuli?"

Mama alimtazama usoni.

"Bado," akamwambia. "Hafi sasa hivi."