Ripa yenye kisahani kwenye shamba lisilolimwa: uzoefu wangu wa misimu mitatu

Shamba langu lina miaka sita halijaguswa na plau. Napanda juu ya mabaki ya mahindi. Ila upande wa chini wa shamba mazao yalianza kudumaa, na mizizi niliyoichimbua ilikuwa imepinda kwenda pembeni kana kwamba imekuta sakafu. Nikadidimiza nondo, ikakwama kwenye kina cha shibiri moja. Tabaka gumu la enzi za plau bado lilikuwepo, na matairi ya trekta yalikuwa yameliongezea ugumu.

Ndipo nikanunua ripa, zana ya trekta inayochana udongo bila kuugeuza, ya miguu miwili yenye kisahani cha kukatia mabaki mbele ya kila mguu. Inachana mistari tu, kila baada ya sentimita 75, na katikati matandazo yanabaki yametulia.

Kisahani ndicho kilichonifanya niipende. Siku moja nilikitoa nione tofauti. Kabla ya hatua ishirini mabua yalishajizonga mguuni, fungu zima likiburutwa. Lakini hata ukiwa nacho, usiingie shambani na umande. Mabua mabichi hayakatiki, yanakunjwa na kusukumiwa ndani ya mfereji, na mbegu ikiangukia juu yake haigusani na udongo. Subiri jua liyakaushe.

Msimu wa kwanza niliharibu. Niliingia baada ya mvua kwa sababu trekta ilivuta bila shida. Nilipofukua, kuta za mfereji zilikuwa laini, zinang'aa kama chungu kilichosuguliwa; hakuna kilichopasuka. Msimu uliofuata nikachana wakati wa kiangazi, udongo mkavu, kina cha sentimita 25, chini kidogo ya lile tabaka. Nyufa zilitambaa hadi pembeni mwa mstari, na nondo ikazama mara mbili ya mwanzo.

Ubaya wa ripa ni ncha za miguu yake: kwenye udongo mkavu wenye mchanga zinalika haraka sana, hivyo chagua ripa ambayo ncha zake zinabadilishwa. Bolti nazo nakaza kila asubuhi.

Haro, zana ya kulainisha na kusawazisha udongo wa juu, naitumia miishoni mwa shamba tu, trela zinapogeukia wakati wa mavuno na kuacha makorongo ya matairi. Napitisha haro nyepesi, sentimita 5 hivi, basi. Kuipitisha shamba zima ni kufukia matandazo niliyoyatunza miaka yote hii.

Mwaka huu nimechana upande wa chini peke yake. Juu nondo inaingia kwa mkono mmoja.