Krimu ya Madoa ya Jua Niliyouziwa Lubumbashi, na Kicheko Kilichonitoa Dukani

Nimeendesha lori la mizigo kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa zaidi ya miaka ishirini, mkono wa kushoto ukiwa juu ya dirisha na shavu la kushoto likipigwa na mwanga safari nzima. Ndiyo sababu madoa yangu yako upande mmoja: ni bapa, ya kahawia iliyokolea, hayawashi wala hayaumi, mengi yakiwa madogo kama punje ya dengu, isipokuwa moja lililo karibu na sikio, ambalo limefikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Upande wa kulia hayafiki hata nusu yake. Mwanamume wa umri wangu hazungumzi mambo ya uso wake, nami nisingezungumza kamwe kama mjukuu wangu asingechukua kitambaa siku moja na kuanza kunifuta shavu, akidhani nimepakaa oili ya gari.

Niliingia katika duka la dawa la mjini wakati wa kiangazi, kilichopita au labda kile cha kabla yake. Jina lake silitaji. Duka lenyewe ni safi, na bei haikunisumbua. Muuzaji, msichana wa umri wa binti yangu wa mwisho, alitazama shavu langu kwa muda mfupi, akatoa tyubu kabatini, akasema, “Mzee, paka asubuhi na jioni.” Nilimweleza kwamba mimi ni dereva na kwamba jua ndilo ofisi yangu, nikamuuliza kama krimu hiyo inamfaa mtu wa namna hiyo. Alijibu kwamba wote wanainunua. Hakuniuliza lolote zaidi, wala hakunitajia jua hata kwa neno moja.

Wiki za kwanza zilinifurahisha kweli. Madoa yalififia, mke wangu akaona, nami nikawaelekeza madereva wenzangu wawili kwenye duka lile lile, jambo ambalo bado linanielemea. Baadaye ngozi iliyozunguka kila doa ikaanza kuwa nyeupe kuliko uso wangu, kama pete, na shavu likawa jembamba na lenye kung’aa, likichoma mara tu ninapotoka kivulini. Nilipoacha kupaka, vipele vilijaa, na madoa yakarudi yakiwa meusi kuliko mwanzo.

Nilirudi dukani nikiwa na tyubu mkononi. Sikwenda kudai fedha. Nilitaka tu kujua nifanye nini. Kulikuwa na wateja sita au saba, na msichana yule, badala ya kunivuta pembeni, alipaza sauti: “Mzee, na umri huu bado unataka kuwa mweupe? Hayo ni madoa ya uzee, yapokee tu!” Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni hakucheka, na mpaka leo ninamshukuru. Mimi niliyekwenda na doa la kazi yangu niligeuzwa mbele za watu kuwa mzee anayejichubua, na aliyenigeuza hivyo ndiye aliyekuwa ameniuzia dawa ya kuchubua, akijua mwenyewe iliyomo ndani yake au hata bila kujisumbua kuijua. Nilitoka bila kujibu. Nimeendesha barabarani usiku na nimeharibikiwa na gari mahali pasipo na mtu, lakini sikumbuki kurudi nyumbani nikiwa mnyonge kama siku ile.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi. Yeye aliuliza kwanza kama kuna doa lililobadilika umbo au rangi, au lililotoka damu, kisha akaniambia nivue viatu. Nilishangaa, kwa kuwa tatizo lilikuwa usoni, lakini alinieleza kwamba melanoma, ile saratani ya ngozi inayoogopwa, kwetu sisi watu weusi hujitokeza zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Hakuona lolote la kutisha. Ndipo akasoma maandishi madogo ya tyubu: hidrokinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, pamoja na klobetasoli.

Hapa lazima niwe mwadilifu. Hidrokinoni ni dawa ya kweli, na madaktari huiandika kwa miezi michache huku wakimfuatilia mgonjwa. Pengine nimemlaumu msichana kupita kiasi, kwa sababu yeye si daktari, nami ningeweza kuomba miwani nikasoma tyubu mwenyewe, na hata kofia sikuwa navaa. Hapana, ninayafuta maneno hayo. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kali kabisa za kupaka, si kitu cha kumpa mtu apake usoni asubuhi na jioni bila kumwambia lini aache, na hidrokinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta weusi wenye kuelekea ubuluu ambao ni mgumu sana kuondoa. Ulaya ilikwisha kuizuia katika krimu za vipodozi tangu 2001. Kazi ya muuza dawa ni kujua hayo kabla ya kufungua mdomo kucheka.

Niliomba madoa yachomwe kwa baridi ya naitrojeni, kama nilivyosikia kwamba hufanyika kwingine, lakini daktari alikataa, kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi baridi ile huua seli zinazotengeneza rangi na inaweza kuacha mabaka meupe. Aliniandikia krimu ya asidi azelaiki, na zaidi ya hiyo, krimu ya kukinga jua ya SPF 50, yaani yenye kipimo kikubwa cha kinga, na yenye rangi ya udongo, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao nao hukoleza madoa ya mtu mweusi. Ninaipaka upya kila baada ya saa mbili. Alinieleza pia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia katika miaka yangu yote ya kazi: kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale, lakini kioo cha pembeni huacha miale mingi ya UVA, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ipite, kwa hiyo kufunga dirisha hakutoshi. Wala baridi ya Juni na Julai si kinga, maana mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa kuwa baridi hakupunguzi miale hiyo. Sasa ninavaa mikono mirefu hata mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali kupita miezi yote.

Imepita miezi kadhaa. Pete nyeupe zimejaa rangi, madoa madogo yamefifia, na lile la karibu na sikio limebaki. Krimu ya kinga ni ghali kwa dereva, na ninaumia kila ninapoinunua, lakini ninainunua, katika duka jingine lililo mbali zaidi. Kati ya wenzangu wawili niliowaelekeza, mmoja ameacha kupaka. Mwingine bado yuko katika furaha ile ya mwanzo, uso wake unang’aa, na kila ninapomweleza ananiuliza kwa nini ninamwonea wivu.