Death au Bad Brains, uanze na nani?

Kila tukiongelea bendi za watu weusi za panki, ile roki ya kasi na fujo, swali hili linarudi, na mimi nawapenda wote kwa hiyo simtangazi mshindi hapa.

Death ni ndugu 3 wa familia ya Hackney, Detroit, walirekodi 1975 kabla hata Ramones, bendi maarufu ya panki, hawajatoa albamu, bosi wa lebo Clive Davis akataka wabadili jina la bendi (Death ni kifo), David, mmoja wa hao ndugu, akagoma kabisa, dili likafa. Wakatoa singo wenyewe 1976, kopi 500 tu, albamu imekuja kutoka 2009 na David alishafariki tangu 2000. Inauma sana hii jamani.

Bad Brains wa Washington walikuja nyuma yao, albamu ya kwanza 1982 kwenye kaseti, spidi ya ajabu halafu katikati wanakushushia rege.

Kwa wingi wa kazi Bad Brains wako mbali, ile albamu ya Death ina nyimbo 7 tu. Kwa usafi wa sauti nawapa Death, gitaa na besi unavisikia vizuri, kaseti ya wale wengine imekwaruza.

Kama umetokea kwenye roki ya kawaida anza na Death, ila kama umekulia kwenye rege na unataka fujo, nenda Bad Brains.